Rangi ya Mlango

Alum Rock, Birmingham

Mke mwenzangu Saida,

Asalaam aleikum. Barua yako imefika, nami nimeshusha pumzi. Wiki tatu kimya, nikadhani unaumwa huko masomoni China. Kumbe kinachokukosesha raha ni ukuta! Sisi hatujambo. Baba yako kapata kazi tena, kwenye ghala moja la Washwood Heath, na ameanza kuimba bafuni kama zamani.

Sasa swali lako. Unamchora bibi wa Kichina mlangoni kwake. Mtaa wao unavunjwa kupisha maghorofa, na ukutani pameandikwa "bomoa" kwa rangi nyekundu. Mwalimu wako anasema chora unachokiona. Bibi anakuomba usiichore hiyo alama. Umsikilize nani?

Nilipokuwa msichana, nyumba yetu Unguja nayo ilitiwa alama. Mama akataka tupigwe picha mlangoni kabla hatujahama. Mimi nikaona haya: chokaa imebanduka, watu watatucheka. Nikamburura hadi studio, tukasimama mbele ya pazia lililochorwa bustani na ngazi za marumaru. Picha ninayo, na mama kapendeza. Lakini juzi mdogo wako aliniuliza mlango wetu ulikuwa wa rangi gani. Nikautafuta kichwani, nisiuone.

Usibishane na huyo bibi, ni mkubwa wako. Msimulie habari ya pazia langu, kisha mpe brashi aamue mwenyewe.

Ila mlango wake, mwanangu, upatie rangi yake ileile.

Bibi yako,
Mwanakheri