Ile Tano Iliyogeuka Langoni

Nyumba ya Wageni ya Baragumu,
Hathercombe, Uingereza,
9 Mei 1964

Dada yangu mpenzi Lettice,

Nakuamkia, na hao wajukuu wako wa Saskatchewan wape salamu za babu wasiyemjua. Je, kifua kimepoa? Baridi ya kwenu naiogopa hata kwa kuisoma. Mimi mdogo wako ni mzima. Goti la kushoto linanifanyia ujeuri, lakini ngazi bado napanda. Mwandiko usiucheke. Kalamu hainitii, ila patasi hunitii kuliko fundi yeyote wa wilaya hii, na asiyeamini aje tushindane.

Dada, Baragumu haivunjwi! Nimeanza na hilo maana najua barua yangu ya mwezi wa pili ilikukosesha usingizi. Nilikwambia halmashauri inataka kupanua barabara ya London ili malori yapite, na nyumba yetu imesimama pale pale wanapotaka kumwaga lami. Bi Tuffley, mwenye nyumba, alilia jikoni siku mbili. Mimi sikulia. Nilikaa tu chumbani kwangu juu ya banda la farasi, nikijiuliza kichwa hiki nitakilaza wapi baada ya kukilaza hapa miaka hamsini na sita.

Karani wao alikuja, bwana mmoja wa tai ya kijani, akatazama matofali ya mbele akasema nyumba yenyewe ya juzi tu. Nikamwambia, wee bwana, umetazama koti, mwenye koti hujamwona. Matofali yalibandikwa zama za magari ya farasi ili abiria wa London wadhani wamefika hoteli mpya, lakini nyuma yake ni mwaloni mtupu. Nikamwingiza langoni. Nikamwonyesha mawe ya pembeni yaliyoliwa na magurudumu, na boriti ya juu iliyong'arishwa na kofia za waliokaa juu ya gari wakasahau kuinama. Nikamwonyesha vibaraza vya ghorofani vinavyozunguka ua, na mabanda ya farasi arobaini. Mwisho nikamwonyesha mwaka uliochongwa kwenye boriti, 1588, ule wenye tano iliyogeuka nyuma. Akauliza mbona imegeuka. Bi Tuffley akamjibu kwamba kasisi alishaandika katika gazeti la kanisa kuwa mafundi wa kale ndivyo walivyoiandika. Basi karani akasema ataleta mtaalamu. Mwaka ukiwa wa kweli, nyumba itabaki. Ukiwa wa uongo, wataivunja kabla ya mavuno.

Mtaalamu alikuja Jumanne, karani akiwa naye. Nilitegemea mzee wa ndevu, kumbe ni mwanamke wa miaka thelathini, Bi Averil Cobb, kavaa suruali ya kazi na tochi kiunoni. Nikamwambia mama, ngazi hii si ya kupandwa na wasomi. Akanijibu, basi babu ishike vizuri, maana nikianguka naangukia wewe. Wanywaji waliokuwa uani walicheka mpaka bia ikawatoka puani. Alipofika juu akazipapasa zile nane mbili kwa ncha ya kidole, akazipapasa tena. Mimi chini natoka jasho kama farasi aliyemaliza mlima. Akaomba apelekwe darini.

Alikaa huko saa nzima, akashuka mweusi tii kwa masizi, anacheka peke yake. Alituambia mbao zote za paa zimekolea moshi, maana nyumba ilijengwa kabla ya kuwekewa dohani, moto ukiwaka katikati ya sakafu na moshi ukijitafutia njia juu. Tena kaziona alama ambazo mafundi walikwangua kwenye viungo ili wajue ubao upi unaingia wapi. Kwa hesabu yake nyumba ni ya mwaka 1460 hivi. Bi Tuffley akamkumbatia na masizi yake yote. Karani akafunga daftari, akasema barabara itapitishwa nyuma ya kanisa.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Ule mwaka niliuchonga mimi.

Ilikuwa 1908, wewe umeshapanda meli. Mzee Gotobed, aliyeimiliki Baragumu wakati ule, aliona abiria wote wamemezwa na reli, na wenye motokaa wanapita bila kusimama. Akaniambia, Amos, hawa wanapenda ukale, nichongee mwaka. Akaniandikia kwenye karatasi. Niko juu ya ngazi, upepo ukaichukua, nami nikaona haya kushuka kuomba nyingine. Nikakumbuka ulivyonifundisha nambari kwa chaki kule nyumbani, ukaniambia tumbo la tano linatazama jikoni. Dada, pale langoni jiko liko upande wa pili!

Bi Cobb alinifuata bandani jioni ile. Akaniambia taratibu kwamba nane zile zimetobolewa kwa kekee ya dukani yenye ncha ya skrubu, na mwaka 1588 haikuwapo. Akauliza ni nani. Nilikuwa tayari kumtaja marehemu yeyote, ila mdomo ukasema, ni mimi. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Akasema, babu, mwongo gani wewe, unadanganya kwa kupunguza? Nyumba ya watu umeipunguzia miaka mia na ishirini na nane! Dada, sikujua mzigo ule ulikuwa mzito hivyo mpaka nilipoutua. Nililala kama gogo.

Ameandika yote kwenye ripoti, na kasema mchongo usifutwe, ila niweke chini yake jina langu na mwaka wa kweli. Ile picha ya boriti niliyokutumia, uliyoitundika sebuleni, usiishushe. Waambie tu majirani ni kazi ya ndugu yako, nao wakisema ni nzuri, wasikosee jina.

Bi Tuffley anakusalimu, na mkewe kasisi pia. Kasisi mwenyewe haongei nami wiki hii. Ujifunike shingo, uniandikie upesi.

Jina nililichonga jana, mbele ya watu. Mwaka 1908 hauna tano ndani yake, namshukuru Mungu.

Ni mimi mdogo wako,
Amos Pennick