Bunduki Niliyomdanganyia Mwanaidi

Jumamosi, Novemba 1997

Nimeichagua ile ya marisau, ya kukokiwa kwa kuvuta na kusukuma. Brian wa ofisini, anayenifundisha kulenga visahani vya udongo, alisema ya mitutu miwili ingefaa zaidi kwa njiwa. Sikumsikiliza. Niliikoki mara tatu palepale dukani kwa utamu wa mlio wake, nikacheka kama mtoto.

Nyumbani ilibidi nimwambie mke wangu, maana polisi watakuja kukagua kabati la kuifungia kabla ya kutoa kibali. Mwanaidi akazima jiko.

"Bunduki, baba Salma? Ndani ya nyumba hii?"

"Ya mchezo tu, mke wangu. Visahani na ndege."

Alikuwa na miaka saba walipomchukua baba yake kule Unguja. Yeye alikuwa uvunguni mwa kitanda, akisikia bunduki zikikokiwa. Mpaka leo mlio ule humwamsha usingizini. Nalijua hilo tangu tulipooana.

"Ukiikoki, inalia?"

"Hailii."

Aliniamini. Akauliza kabati tuliweke wapi, asiwe analiona kila siku. Nilifungua kinywa niseme kweli, nikasema, "Chini ya ngazi."