Babu wa Mama Doris Naye Alikuwa Mkimbizi

Mpendwa Dada Adolphine,

Nakuandikia kutoka Buffalo, nishike mkono dada yangu, maana kichwa changu hakinitoshi. Ninamhudumia bibi mmoja mzungu huko Tonawanda, Mama Doris, ana miaka tisini na moja, namwogesha, nampikia, na kwa kuwa macho yake yamekwisha namsomea kila kitu, hata matangazo ya dukani, na tumekaa vizuri miaka miwili, isipokuwa televisheni ikionyesha wakimbizi, hapo anasema watu hawa wangebaki kwao wapigane kama babu yake wa kale, na mimi nanyamaza kwa sababu anadhani nilikuja Amerika kusoma, sijui nani alimwambia hivyo, na mimi sikumkatalia.

Sasa binti yake Judith, aliye Louisville, anamwandikisha kwenye chama cha wanawake ambao mababu zao walipigana vita vya Amerika vya kumwondoa mfalme wa Uingereza, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, au hata walisaidia tu kwa unga na farasi, wanapewa nishani, na Mama Doris anaitaka nishani hiyo kuliko dawa zake. Judith aliniomba nipige picha makaratasi ya babu huyo yaliyo sandukuni nimtumie kwa simu, nikapiga, nikapiga, mpaka nikafika kwenye nakala moja ya taipu, barua ya babu mwenyewe akiomba shamba ng'ambo ya mto Niagara, upande wa Kanada, kwa watu wa mfalme, anasema alipigana upande wao, majirani wakamchomea nyumba, akakimbia na mke na watoto wanne, na chini ameandika kwamba yeye ni mkimbizi. Dada, neno lile lile lililo kwenye makaratasi yangu! Nilicheka peke yangu jikoni, halafu nikaogopa, maana chama hakitamtaka mtu wa mfalme.

Sikuituma. Iko ndani ya Biblia yangu wiki ya tatu sasa. Mdogo wangu Clémence, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, anasema, "Yaya, choma hiyo karatasi, bon, mambo ya wazungu na vita yabo inakuhusu nini?" Nilitaka kumlinda bibi wa watu, Mungu anajua, lakini siku akiniudhi naichukua naisoma tena, na moyo unatulia. Kila asubuhi ananiuliza, "Wamempata askari wangu?" Namjibu bado. Je, mimi ni mwongo, ni mwizi, au nina huruma? Sijielewi.

Aliyechanganyikiwa, West Side

Mama wa West Side,

Pole. Kumwogesha mtu huku anakusema bila kujua anakusema wewe ni kazi ngumu, na hakuna anayekulipa kwa hilo.

Lakini acha kunieleza habari za kumlinda. Anayemlinda mtu hasomi siri yake kila akiudhika. Umeiweka barua hiyo kama fimbo nyuma ya mlango, unangoja siku ya kumchapa nayo. Na si yako, wala si ya Clémence kuchoma.

Mama Doris ameishiwa macho, hakuishiwa akili. Babu ni wake, awe wa mfalme au wa nani. Halafu nani alikuambia mtu ana babu mmoja? Judith atafute na upande mwingine wa ukoo, huenda yuko aliyetoa unga.

Fanya hivi kesho. Mpe chai, zima televisheni, umweleze kwa kinywa chako kwamba hukuja kusoma, ulikimbia vita, na ulikimbilia wapi. Usimhubirie. Mwambie kwamba ulificha barua, umwombe radhi. Ndipo umsomee taratibu, pamoja na neno lile, na siku hiyo hiyo Judith apate picha ya barua hiyo. Akikufukuza, ofisi ya kazi iliyokupeleka kwake itakutafutia mwingine. Umepita kwenye mabaya kuliko hayo. Ila usibadilishe mpangilio: wewe kwanza, barua baadaye. Usimtume marehemu wa watu akusemee.

Dada Adolphine, Columbus