Kilo Tatu Si Umri

Lubumbashi, mtaa wa Kenya

Mama yangu mpenzi,

Mguu wako unaendeleaje? Na Baba, kifua kimetulia? Mimi nimeanza kutembea, na mjukuu wako Zaituni ananyonya huku nikiandika kwa mkono mmoja. Kwenye simu nililia tu, ukaniambia nimshukuru Mungu, ninyamaze. Nimemshukuru. Kunyamaza siwezi.

Unajua nilikuwa nipasuliwe, kama kwa mtoto wa kwanza. Mimba ilikuwa na wiki thelathini na sita tu, lakini dokta wa kliniki ya hapa mtaani alikuwa anaenda likizo, akataka amalizane nami kwanza. Nikamwambia ni mapema. Akacheka.

"Mama, mutoto iko mukubwa, iko na kilo tatu. Unangoya nini tena?"

Mume wangu Ramazani akaitikia kwa kichwa.

Nikapasuliwa. Zaituni alitoka mnene, watu wakashangilia. Kumbe kila akivuta pumzi anaguna, mbavu zinabonyea, midomo inageuka buluu. Wakamkimbiza hospitali kubwa, mimi nikabaki na kidonda na mikono mitupu.

Daktari wa watoto kule ndiye aliyenieleza. Kabla ya wiki thelathini na saba mtoto ni njiti, hata awe mnene vipi. Wa thelathini na saba au na nane naye bado anamalizia kukomaa; bora afike thelathini na tisa. "Kilo si umri, mama. Mapafu yake yalikuwa hayajawa tayari."

Alipumulia mashine, Mama. Nilikuwa namgusa kwa kidole kupitia tundu la kile kisanduku cha kioo. Kwa ajili ya likizo ya mtu!

Aliporuhusiwa nilimbeba moja kwa moja hadi kliniki. Dokta amerudi, amenawiri.

"Si huyu iko muzima? Sasa unakasirika nini?"

Niliwageukia wanawake kwenye benchi, na matumbo yao, nikawaonyesha kamkono ka Zaituni kalivyojaa alama za sindano.

"Mumuulize wiki zenu kwanza, mbele ya kukubali kisu."

Mmoja akamtazama mtoto, akachukua mkoba wake, akatoka. Wa pili akamfuata. Dokta akafunga mlango.

Ramazani anasema nimemwaibisha dokta. Na aaibike.

Nisalimie kaka Saidi, fundi wetu wa cherehani, na shangazi Asumini, mkunga wa nyumba yetu. Mwambie shangazi mtoto ameanza kulia kwa sauti kubwa, mpaka majirani wanalalamika.

Ni mimi binti yako, hasira bado ninayo,
Mwamini