Picha Tisini na Sita za Mbuzi

Jumapili, 4 Agosti 1957. Newala

Nimepoteza onyesho langu la watoto. Jana, saa kumi na mbili jioni, mashine ya filamu imeshapata moto, watoto mia na arobaini wameshakaa chini. Tarishi wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, akaja na amri: katuni yangu ya mbuzi isionyeshwe tena mpaka kamati iitazame na kuamua kama inawafaa watoto. Nikawarudishia senti zao kumi kumi. Wengine walilia. Mimi sikulia. Nilikasirika.

Jumamosi iliyotangulia niliionyesha papa hapa. Walicheka mpaka wakaangukiana.

Mashine hii niliinunua mnadani Nachingwea, Wazungu wa mradi wa karanga walipofungasha virago. Niliwafulia nguo miaka minne huku nikiangalia jinsi filamu inavyopitishwa. Hakuna mwanamume aliyenifundisha. Sasa ndio wanifundishe kinachofaa.

Jumatatu, 5 Agosti

Kamati ni watu wawili. Mwalimu Benedikto, mkuu wa shule. Na Mzee Nambunga, mkubwa wa jando la mwaka huu. Huyu ni mjomba wangu, tumbo moja na marehemu mama. Nikampa shikamoo yake, akaitikia marahaba akitazama ukuta.

Watatazama kesho barazani.

Jumanne, 6 Agosti

Wametazama. Dakika saba. Mbuzi kachoka kufukuzwa na mbwa. Anachonga uso wa chui, anauvaa, mbwa wanatimka. Vurugu, fimbo, mbio. Mwisho uso unadondoka, kumbe mbuzi, wote wanacheka.

Hapo uso ulipodondoka, Mjomba akasimama mbele ya mashine. Kivuli chake kikajaa kwenye shuka la kuonyeshea.

"Zima, Mama Fatu."

Siku zote ananiita mwanangu.

Nikauliza kosa. Mwalimu akasema ni fimbo, kahesabu vipigo thelathini, watoto watajifunza ugomvi. Ni thelathini na moja. Na anayesema hivyo, fimbo yake ya shuleni imepinda kwa kazi. Nikasema vyema, nitavikata vyote. Wakatazamana.

"Hata ukivikata, bado haifai," akasema Mwalimu.

Nikauliza kwa nini.

"Mambo mengine hayaulizwi, Mama Fatu."

Nikamwambia darasani kwake asiyeuliza anaitwa mjinga, hapa anayeuliza ndiye mkosaji. Achague moja. Akaitia miwani yake mfukoni.

Waongo wote wawili.

Jumatano, 7 Agosti

Mama Somoe, jirani yangu, kanipasulia ukweli leo kisimani. Baada ya onyesho lile la kwanza, mtoto wake alimuuliza babake mbele za watu: na midimu nayo, ndani yake kuna mtu? Baba mtu akampiga kofi, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mjomba.

Basi ndilo kosa. Nilihisi tangu jana.

Naandika hapa tu. Midimu ndio wale wanaocheza na nyuso za mti, wavulana wakitoka jandoni. Sisi wanawake na watoto tunaambiwa ni wafu, wametoka makaburini. Tunakimbia, tunapiga mayowe, kila mwaka. Ndani, tunaambiwa, hamna mtu. Na mbuzi wangu kavuliwa uso mbele ya watoto.

Nilikuwa na miaka tisa, kule Makote. Mmoja wao alinifukuza mpaka jikoni. Nikaona mguu wa kushoto, kidole kidogo hakipo. Mjomba alikikata kwa jembe mwaka ule. Nikamwambia mama. Akaniziba mdomo kwa kiganja chenye unga.

"Umeona mguu. Hukuona mtu."

Kila mwanamke ana mguu aliouona.

Hawawezi kuniambia kosa, maana wakiniambia siri imekwisha. Nami siwezi kuwaambia najua. Nikisema, nimelivunja jando na sina tena ukoo. Nikinyamaza, mashine inaota kutu. Nawachukia. Mjomba zaidi, kwa kuwa nampenda.

Uso unadondoka kwa sekunde nne. Mashine inapitisha picha ishirini na nne kwa sekunde. Tisini na sita. Mkasi, gundi, robo saa kazi imekwisha. Lakini nikikata mwenyewe palepale, nimekiri kwamba najua.

Alhamisi, 8 Agosti

Asubuhi nimekwenda kwa Mjomba na filamu, mkasi na chupa ya gundi. Alikuwa peke yake anachonga mpini wa jembe. Shikamoo. Marahaba. Nikakaa mkekani.

Nikautazama mguu wake wa kushoto. Sikuharakisha. Akaacha kuchonga. Akaufunika kwa shuka.

Kuku walipita baina yetu.

Nikasema, "Mjomba, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Kateni wenyewe mnapotaka. Mimi nitageukia kule."

Akaupima mkasi kwa kidole gumba.

"Na ukiionyesha, ukakuta kipande hakipo?"

"Nitaona mbuzi. Na mbwa."

Hakunirudishia mkasi.

Nilipoinuka nilimwambia nataka jibu kesho Ijumaa, kabla ya adhana ya adhuhuri. Nitakuwa mlangoni kwangu. Asimtume tarishi, asimtume Mwalimu. Aje yeye, kwa miguu yake. Sitaki tutaona, sitaki mambo mengine hayaulizwi. Inafaa au haifai. Neno moja, kabla ya adhana.