Maswali Aliyonijibia Mama

Jumatatu, 9 Juni

Viazi tena. Nimemenya ndoo nzima kabla ya kuvaa sare. Mama anakaanga viazi karai, vile vya kuchovya kwenye unga, pale njia panda ya Gazi na mmenyaji ni mimi, siku zote. Nimefika shule kichwa kinaniuma, mwalimu wa zamu akaniruhusu niende zahanati.

Sista Mwende hakunipima malaria tu. Amesema siku hizi vijana wote wanaofika pale wanaulizwa pia habari za moyo: unalala, unakula, unajiona huna maana. Maswali yanakuja kwa simu na unajibu mwenyewe, faragha. Wenye hali mbaya wanapelekwa kwa mshauri wa vijana Msambweni, siku za Alhamisi. Simu sina. Nimetoa nambari ya Mama, kwa vile Baba yuko Diani na simu yake, analinda hoteli.

Nimefurahi, kusema kweli. Tangu mdogo wangu Swabra afariki mwaka jana sijalala usiku mzima hata mmoja, na hakuna aliyeniuliza. Arobaini ilipokwisha nguo zake ziligawiwa, na jina lake halikutajwa tena nyumbani. Sasa nitaulizwa. Hata kama ni na simu.

Jumanne, 10 Juni

Ameyajibu yeye.

Nimerudi shuleni nikaomba simu. Mama akasema ile kazi ya zahanati ameshaimaliza, baina ya mteja na mteja. Alikuwa akijifuta mafuta vidoleni, anaeleza kana kwamba amenifulia sare. Unalala vizuri? Ndiyo. Una huzuni? Hapana. Unafurahia mambo uliyokuwa ukiyapenda? Sana. Sana! Mwisho wa yote simu ikampongeza. Mtoto hana dalili zozote.

Nilimuuliza kwa nini. "Mtu akikuuliza hali, wamjibu u mzima, alhamdulillahi," akasema. "Wataka niwaambie nini watu nisiowajua?"

Nimejifungia chumbani. Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ningekuwa Msambweni. Badala yake nimerudi zahanati kubembeleza. Sista Mwende alifungua tableti yake. "Lakini sistemu inaonyesha uko sawa, my dear. Itafunguka tena after three months." Nikamwambia aliyejibu si mimi. Akatazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, kina mama na watoto wa chanjo, akasema tutaona.

Tutaona nini? Chombo kimeambiwa mimi ni mzima, na mtu aliyesomea uuguzi anakiamini kuliko macho yangu mekundu yaliyo mbele yake. Wanatufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Haya, mimi nayafichua. Mbona hakuna anayetaka kuyaona?

Ijumaa, 13 Juni

Sijasema na Mama tangu Jumanne. Amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka, kwa kuwa ni Ijumaa na kwa kuwa anajua naupenda. Sikula. Amekula peke yake, akitazama ukuta. Vizuri.

Jumatatu, 16 Juni

Nimelipuka. Mbele ya wateja.

Mama mmoja wa makamo, mteja wa kila siku, aliniuliza tu kama watu wanavyoulizana: salama mwanangu? Nikasema si salama. Nikasema mdogo wangu Swabra amekufa, silali, na mama yangu amewaambia watu wa zahanati kwamba nalala. Maskini yule mama, na kiazi chake mkononi, hakujua ayaweke wapi macho.

"Nyamaza, watu wasikia," Mama akasema. Nikamwambia na wasikie. Swabra. Swabra. Alikuwa na miaka sita. Alikuwa akichovya kidole kwenye ukwaju wa wateja na wewe ukimfukuza kwa mwiko huku ukicheka. Nimelitaja jina lake mpaka sauti ikanikauka.

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alizima moto viazi vikiwa bado vimo kwenye karai, akashika njia ya nyumbani mchana kweupe, akaniacha na wateja.

Jumatano, 18 Juni

Nimekwenda zahanati kwa mara ya tatu. Nimekaa mpaka foleni ikaisha, nikamwambia Sista Mwende sitoki mpaka aniulize kwa mdomo. Alinitazama. Akaitia tableti kwenye droo, akavuta kiti.

Ameniuliza moja moja, na nilipokawia hakuniharakisha. Hata lile la kutaka kufa ameniuliza. Nikamwambia sitaki kufa, nataka kulala. Akasema ameniamini, na kwamba alipaswa kuniamini Alhamisi. Nilikuwa nimejitayarisha kumgombeza. Ameniharibia.

Ameniandikia barua ya kumpelekea mshauri. Ila nina miaka kumi na sita, kwa hiyo lazima niende na mzazi. Na mzazi ni nani? Yule yule aliyesema nalala! Nimeiweka barua juu ya unga wa viazi, asiweze kukaanga bila kuishika. Ameisoma. Asipokwenda nami kesho sijui nitafanya nini, na kutojua huko kunanitisha.

Alhamisi, 19 Juni

Mama hakukaanga leo. Nilipoamka alikuwa ameshavaa buibui, ameketi kitandani pangu, upande aliokuwa akilala Swabra. Tumekwenda Msambweni.

Mshauri ni dada mmoja mpole, anaitwa Rehema. Niliingia peke yangu. Niliyomwambia sitayaandika. Nililia, nikachoka kulia, kisha tukapanga nirudi Alhamisi ijayo.

Nilipotoka Mama alisimama. Nilidhani tunaondoka. Alimshika Rehema mkono pale mlangoni, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani mwanangu. Haya maswali ni ya watoto tu?"

Rehema akampisha aingie.

Bado nina hasira naye. Nilikaa kwenye benchi, nimepakata mkoba wake. Jua likanifikia, nikasogea kivulini. Amekaa mle ndani muda mrefu kuliko mimi.