Kamera Uliyomtumia Baba

Mhunze, Shinyanga
14 Novemba 1999

Mpendwa mdogo wangu Wiliam,

Pokea salamu za nyumbani. Kile kifua kimepona, au baridi ya huko bado inakusumbua? Sisi tunapumua. Mvua ya kwanza ilinyesha juzi. Mama anakula kidogo tangu tuondoe matanga.

Barua yako nimeipata. Unataka diski zote zenye picha za Baba, na unauliza kama kamera imelistahimili vumbi. Haikulistahimili. Ilifanya kazi siku kumi na moja.

Nilikuwa nikiichaji dukani kwa Rajnikant, maana yeye ana jenereta. Siku ya kumi na mbili ikagoma kumeza diski. Rajnikant aliifungua, akapuliza, akatikisa kichwa. "Dada Mbuke, humu kumejaa vumbi tupu. Mashine hii imetengenezewa watu wa kwenye mazulia." Diski pekee niliyokwisha kukutumia ndiyo ile uliyosema haina kitu. Picha nyingine hakuna, Wiliam.

Baba sikumwambia. Kila Jumapili alioga, akavaa lile koti la harusi ya mdogo wetu Apolonia, akaketi uani. "Piga, Wiliam anione ningali mzima." Ningemwambiaje? Nikawa nabonyeza mashine iliyokufa. Akiuliza umejibu nini, natunga.

Mwezi wa nane miguu ikamvimba. Mganga wa zahanati akasema awahishwe hospitali mjini. Mume wangu Mabula akahangaika mpaka akapata gari. Baba akakataa kupanda. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameniuliza unakuja lini, nami, ili nimwone akicheka, nikamwambia umesema unakuja mwezi huohuo.

"Siendi kulala mjini," akasema. "Mwanangu akifika, anikute kwangu."

Nikamweleza ukweli palepale, mbele ya dereva: kamera ilikufa zamani, na wewe hukusema lolote kuhusu kuja. Hakuniamini. Alisema nimechoka kumuuguza, ndiyo maana namzushia mdogo wangu uongo. Gari likaondoka tupu.

Aliishi siku kumi na tisa. Hakunisemesha tena. Nikimpelekea uji aligeukia ukutani, mpaka Mama aje amnyweshe. Mganga alituambia baadaye kwamba angewahi, pengine angepona.

Watu wa msibani walinisifu kwa kumtunza mzazi. Mimi niliendelea kupakua ugali.

Umeandika kuwa picha zake zitakufariji. Sina cha kukufariji nacho. Jua tu kwamba alimwagiza Mama tukigeuze kitanda, akafa ameielekea njia itokayo Shinyanga mjini. Kamera nyingine usitume.

Mama anakusalimu, Mabula pia, na Apolonia amejifungua binti; wamemwita Generosa. Mungu akulinde huko ugenini, na akupe moyo wa kunisamehe, maana aliyestahili kunisamehe hakunisamehe.

Dada yako akupendaye, hata usiponijibu,
Mbuke